Mlioko Marekani, mnaanzaje kukusanya pointi za kadi ili mpate tiketi ya kwenda nyumbani?

Binti wa Kibosho

Wakuu, habari za majukumu. Niko Minnesota, hapa Brooklyn Park, mwaka wa saba sasa. Nahudumia wazee, zamu ya usiku. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na wa miaka 5. Huyu mdogo amezaliwa huku, bibi yake aliyeko Kibosho anamjua kwa simu tu.

Kila Desemba najipanga, na kila Desemba bei inanishinda. Mwaka jana nilitafuta Minneapolis hadi Kilimanjaro, kwenda tarehe 16 na kurudi Januari 6, ikatoka dola 2,350 kwa kiti kimoja. Zidisha mara 3, na hapo hujanunua hata zawadi moja. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Sasa kazini kuna dada Mfilipino, yeye na mumewe wamekwenda Manila kwa pointi za kadi ya mkopo, wamelipa kodi na ada tu. Amenionyesha tiketi kwenye simu yake. Mimi nina kadi moja tu ya duka, limiti dola 500, na miezi 14 sijachelewa kulipa hata mara moja. Skoo yangu ya mkopo ni 688. Naanzia wapi? Na je, zile dola 300 ninazomtumia mama kila mwezi, nikizituma kwa kadi napata pointi? Naombeni mnieleweshe taratibu, nitasoma kila neno.

Kijana wa Tandale

Dada, mimi naongea kama mtu aliyeungua. 2021 nilichukua kadi kwa ajili ya bonasi, zile pointi nyingi za kujiunga, nikanunua vitu ili nifikishe kiwango cha matumizi wanachotaka, kisha saa za kazi zikapunguzwa. Deni likafika dola 6,000 na riba yake ilikuwa asilimia 27. Nimemaliza kulipa mwezi wa tatu mwaka huu. Kama unaona kuna mwezi hata mmoja utashindwa kulipa salio lote, achana na pointi, weka akiba ya kawaida. Nawasilisha.

Baba Neema

Dada, pole na zamu za usiku. Aliyosema huyo kijana ni kweli tupu, na mimi naanzia hapo hapo. Pointi moja, ukiitumia vizuri, ina thamani ya senti moja hadi mbili hivi. Riba ya kadi nyingi za huku inavuka asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni, wewe ndiye unayewalipia wenzako tiketi. Siku nilipopata kadi yangu ya kwanza ya pointi, kabla sijanunua hata maji, niliingia kwenye akaunti nikaweka malipo ya otomatiki, nikachagua "salio lote la stetimenti", yaani deni lote la kwenye taarifa ya mwezi. Pale chini kuna chaguo la "kiwango cha chini". Usiliguse.

Skoo ya 688 si mbaya, ila ipandishe kidogo kabla ya kuomba. Wanaangalia zaidi mambo mawili: kulipa kwa wakati, ambayo ni asilimia 35 ya hesabu ya FICO, skoo inayotumiwa na benki nyingi, na kiasi unachodaiwa, asilimia 30, hasa ukilinganisha na limiti. Hapo kwenye limiti ndipo kadi yako ya dola 500 inapokuumiza. Ukinunua vitu vya dola 400, stetimenti ikifunga benki wanaripoti kwamba umetumia asilimia 80 ya limiti, hata kama utalipa zote wiki ijayo. Kwa hiyo lipa kabla stetimenti haijafunga, ibaki dola 20 au 30 tu. Mimi nilikuwa na kalenda ya kanisa kwenye friji, kila mwezi nazungushia tarehe mbili kwa kalamu: siku stetimenti inafunga, na siku ya mwisho ya kulipa. Ndani ya miezi mitatu skoo yangu ilikuwa imepita 720.

Sasa kadi yenyewe. Hapo Minneapolis ni ngome ya shirika la ndege la Delta, kwa hiyo utakutana na matangazo ya kadi yao kila kona. Kwa kuanza mimi nisingeichukua, kwa sababu maili za Delta, yaani pointi za shirika lao, zinabaki kwenye mpango wa Delta. Chukua kadi ya benki ambayo pointi zake zinahamia kwenye mashirika mengi. Mbili zinazofahamika ni Chase Sapphire Preferred na Capital One Venture, kila moja ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Anza na Chase, maana wana utaratibu ambao wazoefu wanauita 5/24: ukishafungua kadi 5 za benki yoyote ndani ya miezi 24, kwa kawaida wanakukatalia.

Bonasi ya kujiunga ndiyo yenye uzito, matumizi ya kila siku ni nyongeza tu. Wanakupa miezi mitatu utumie dola elfu kadhaa. Soma kiwango siku unayoomba, kwa sababu kinabadilika. Usiombe kadi mwezi usio na matumizi makubwa, subiri unapokaribia kulipa bima ya gari ya miezi sita au kununua matairi ya baridi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya sendofu ya binti wa rafiki yetu hapa Silver Spring. Ukumbi na chakula nililipia kwa kadi yangu, kamati ikiwa imekubali, na michango ilikuwa imeshaingia yote kabla sijapitisha kadi. Ahadi ya mchango si hela, dada, usilipie ahadi.

Tiketi: pointi za Chase na za Capital One zote zinahamia Flying Blue, mpango wa maili wa KLM na Air France, pointi moja inakuwa maili moja. Kutoka kwenu kuna ndege hadi Amsterdam, na kutoka Amsterdam KLM wanatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Watoto wa miaka 2 hadi 11 wanapunguziwa asilimia 25 ya maili kwenye ndege za KLM na Air France, kwa hiyo wanao wote wawili wamo. Utalipa pia kodi na ada kwa hela, si kwa pointi, na kwa KLM si kidogo. Njia ya pili ni Ethiopian kutoka Chicago kupitia Addis, ukikata kwa Aeroplan, mpango wa pointi wa Air Canada, ambao hawatozi ada ya ziada ya mafuta.

Usihamishe pointi mpaka umeiona tiketi kwenye skrini, majina ya ndege na tarehe. Zikishahama hazirudi benki.

Na nikwambie ukweli: bonasi ya kadi moja haitatosha watu watatu kwa Desemba, wakati kila Mchaga yuko njiani. Itakupa kiti kimoja, ukibahatika na cha mtoto. Lakini hicho kimoja ni dola 2,350 zimebaki mfukoni, ukitoa zile kodi na ada.

Mama Salha

Kuhusu kumtumia mama hela kwa kadi, usithubutu. Nilituma dola 400 za ada ya shule Tanga kupitia programu fulani ya simu, nikijua nimejipatia pointi. Stetimenti ilipokuja, benki walikuwa wamehesabu kwamba nimetoa hela taslimu: ada dola 20, riba kuanzia siku ile ile, na pointi sifuri. Tuma kutoka akaunti yako ya benki. Kadi iwe ya mboga, petroli na bili.

Binti wa Kibosho

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimenakili yote kwenye daftari. Swali la mwisho kwa Baba Neema: naishi na mdogo wangu wa kike, naye anafanya kazi na skoo yake ni nzuri kuliko yangu. Na yeye akichukua, tunaweza kuunganisha?

Baba Neema

Hapo sasa umepata njia. Kila mmoja aombe kwa jina lake, bonasi ni ya kila mtu. Chase wanakuruhusu kuhamishia pointi zako kwa mtu mmoja mnayeishi nyumba moja, kwa hiyo zake zije kwako. Kisha kata tiketi moja yenye majina yenu matatu, maana watoto wa umri huo huwezi kuwakatia peke yao mtandaoni. Msiombe mwezi mmoja, aanze yeye, wewe ufuate akishafikisha kiwango chake. Na Desemba anzeni kuitafuta mapema sana, Januari au Februari ya mwaka huo huo, viti vikiwa vimefunguliwa tu.

Binti wa Kibosho

Sawa kaka. Ya kwangu inafunga tarehe 11, ya kulipa ni tarehe 6. Nimeshazizungushia.