Gumzo la ukoo: zamu ya North iliyokwenda Richmond

Kikundi: Ukoo wa Kibokoni (Melbourne na Mombasa)
Usiku wa kwanza wa drafti ya AFL (ligi ya mpira wa Australia), Novemba 2025

Fadhili: Asalaam aleikum jamaa. Raundi ya kwanza imekwisha. Richmond tumepata Sam Cumming namba 7 na Sam Grlj namba 8 🟡⚫

Fadhili: Na zamu moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya North Melbourne, timu ya Ami Khamis. Ami Khamis uko macho?

Ami Khamis: Waaleikum salaam. Niko macho, nimeshuka kazini sasa hivi. Nilijua utaanza na hilo.

Babu Athman: Waaleikum msalaam wanangu. Huku ni mchana, ndo kwanza natoka kula. Hebu nifahamisheni, vipi zamu ya North imeingia kwa Richmond? Kwani zamu nayo yauzwa?

Fadhili: Yauzwa Babu. Kila Novemba vilabu vinachagua chipukizi kwa zamu. Aliyeshika mkia kwenye msimamo anachagua wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho. Zamu hizo zinabadilishwa kwa wachezaji au kwa zamu nyingine, na tangu 2015 unaweza kuuza hata zamu ya mwaka ujao, wakati bado haina namba. Namba inajulikana msimu ukiisha.

Fadhili: Mwaka jana, usiku kama huu, North walikuwa wanamtaka kijana mmoja mrefu, Matt Whitlock. Zamu iliyokuwa inafuata, namba 27, ilikuwa mkononi mwa Richmond. North wakatoa zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2025, wakapewa hiyo 27 pamoja na zamu ya raundi ya pili ya Richmond ya 2025. Ikafanyika palepale ukumbini, maana tangu 2018 inaruhusiwa kubadilishana drafti ikiendelea.

Babu Athman: Na hiyo ya mwaka ujao ikatokea namba ngapi?

Fadhili: North wamemaliza wa 16 kati ya timu 18. Ya tatu kutoka chini. Halafu West Coast wakapewa zamu ya fidia kwa kuondokewa na Oscar Allen aliyekwenda Brisbane, kwa hiyo ya Richmond wenyewe ikawa namba 3, na ya North ikasogea ikawa namba 4.

Khalti Zuhura: Namba 4 kwa namba 27?? Shemeji Khamis, hapo walikuwa wamelala?

Ami Khamis: Hawakulala. Nyinyi mnaisoma hesabu leo mkiwa na jibu mkononi. Niwarudishe kwenye usiku wenyewe. Tulikuwa tushapata Sheezel na Wardlaw 2022, McKercher na Zane Duursma 2023, na usiku uleule tulishamchukua Finn O'Sullivan namba 2. Vijana wa katikati ya uwanja tunao, wamejaa. Tulichokosa ni watu warefu wa kuruka kule mbele na nyuma, na hao hukomaa kwa miaka. Ukiwaza kila mwaka "mwakani, mwakani", hujengi timu, unajenga foleni ya watoto wa miaka 18.

Fadhili: Ami, mimi sina neno na Whitlock. Neno langu ni bei. Tazama msimamo wa North: 2020 wa 17, 2021 wa 18, 2022 wa 18, 2023 wa 17, 2024 wa 17. Miaka mitano mfululizo ndani ya mbili za mwisho. Timu ya namna hiyo ikiuza zamu yake ya mwakani, inasema "sisi mwakani tunapanda". Sawa, ikipanda ni heri. Isipopanda, umeumia uwanjani na umeumia tena Novemba, kwa jambo lilelile moja.

Fadhili: Hapo ndipo ninapobishana na kila mtu anayesema "raundi ya kwanza ni raundi ya kwanza". Si kweli hata kidogo. Raundi ya kwanza ya bingwa ni namba 18. Ya mwenye mkia ni namba 1. Jina moja, mali mbili tofauti.

Rehema: Ngojeni niwape pointi. AFL wana jedwali lao la kupima thamani ya kila zamu, lile la 2015 ndilo lililotumika mpaka drafti ya mwaka jana. Namba 1 ni pointi 3000, namba 2 ni 2517, namba 3 ni 2234, namba 4 ni 2034. Namba 10 inashuka hadi 1395, namba 18 ni 985, namba 27 ni 703.

Rehema: Sasa, tukiacha fidia pembeni: zamu ya North ingekuwa namba 3, yaani 2234. Wao walipokea 27 (703) na raundi ya pili ya Richmond, ambao wamemaliza wa 17, kwa hiyo kama namba 20 (912). Jumla 1615. Pengo ni 619, karibu sawa na zamu namba 30.

Ami Khamis: Umeona! Namba 30 tu. Watu walivyopiga kelele mjini utadhani tumeuza klabu.

Rehema: Lakini Ami, pointi zinajumlishwa, wachezaji hawajumlishwi. Hakuna klabu itakayokupa nafasi ya kumchagua Sheezel ukiwapelekea namba 20 na namba 27. Sheezel alikuwa namba 3.

Khalti Zuhura: Kwangu mimi ni kama chama chetu. Mtu anauza zamu yake ya mwakani kabla kura hazijapigwa, kwa sababu leo ameona kabati zuri dukani. Kabati atalipata. Lakini anayenunua zamu ndiye mwenye nguvu, kwa sababu hana haraka.

Fadhili: Ndiyo Khalti! Haraka. Richmond hawakuwa na haraka hata chembe. Walishika mkia 2024, mechi walizoshinda mbili tu, wakaamua kuvunja nyumba yote. Shai Bolton akaenda Fremantle, wakapata 10, 11 na 18. Daniel Rioli akaenda Gold Coast, wakapata 6 na 23. Wakaingia drafti na zamu 8 ndani ya 24 za mwanzo. Ile 27 ya Whitlock ndiyo hiyohiyo 23, ilisukumwa nyuma na vijana wa akademi na mtoto wa mchezaji wa zamani, ambao vilabu vyao vina haki nao.

Fadhili: Sasa fikiria, una zamu nane, kikosi kina nafasi chache, na watoto wanane hawawezi kufundishwa wote kwa mpigo. Unafanya nini na iliyozidi? Unaihamishia mwakani. Na unamchagua wa kumuuzia: klabu unayodhani itabaki chini. Huo ndio ufundi wenyewe. Unanunua zamu ya mwakani kwa kumtazama muuzaji, atamaliza wa ngapi.

Ami Khamis: Na Geelong je? Mbona Geelong hamuwasemi? 2020 walitoa raundi ya kwanza tatu, 13, 15 na 20, wakamchukua Jeremy Cameron kutoka klabu ya GWS. 2022 wakabeba kombe. Hawakuzikumbatia zamu kama mayai.

Fadhili: Geelong nawavulia kofia. Lakini zitazame namba zenyewe Ami: 13, 15, 20. Hakuna hata moja ndani ya kumi za mwanzo. Wao kila mwaka wako juu, zamu zao ni za mwisho mwisho, wakizitoa hawatoi kikubwa. Na walichonunua ni mshambuliaji aliyekomaa, anayejulikana anafunga. North walitoa cha thamani kubwa kuliko walivyotoa Geelong, wakanunua kijana ambaye siku ile alikuwa hajacheza hata mechi moja.

Rehema: Mfano ulio karibu na North ni Carlton. 2018 walishika mkia, halafu usiku wa drafti wakabadilishana na Adelaide raundi ya kwanza ya 2019, ili wapate namba 19 wamchukue Liam Stocker. 2019 Carlton wakamaliza wa 16, zamu yao ikawa namba 4, ikaenda Adelaide.

Ami Khamis: Malizia hadithi Rehema, usikate njiani. Adelaide walifanya nini na hiyo namba 4?

Rehema: Waliipeleka GWS, wakashuka hadi namba 6 na kuongezewa raundi ya kwanza ya GWS ya mwaka uliofuata. Namba 6 wakamchukua Fischer McAsey.

Ami Khamis: Ambaye 2022 aliacha mpira kabisa. Na Stocker naye Carlton wakamwacha mwaka huohuo, akaenda St Kilda. Kwa hiyo aliyeibiwa ni nani pale? Zamu si mchezaji. Zamu ni karatasi mpaka mtoto avae jezi.

Fadhili: Hilo nalikubali. Lakini Ami, hukumu ya biashara ni siku ya biashara. McAsey kuacha mpira hakuifanyi bei ya Carlton iwe nzuri.

Babu Athman: Mnanichanganya kidogo. Fadhili umesema zamu zenu Richmond zilikuwa 3 na 4. Mbona mmechagua 7 na 8?

Rehema: Hapo kuna dau, Babu. Kama baba yako alichezea klabu mechi 100 au zaidi, klabu hiyo ina haki nawe. Vilevile vilabu vya kaskazini, Gold Coast, Brisbane, Sydney na GWS, vina haki na vijana wa akademi zao. Klabu nyingine ikikutaja kwenye zamu yake, hilo ndilo dau, klabu yako inaweza kukuchukua kwa kulipa pointi za namba ile. Inalipa kwa zamu ndogondogo ilizokusanya, na inapunguziwa bei: zamani asilimia 20, kuanzia mwaka huu asilimia 10. Waliobaki wote wanasogea nyuma hatua moja.

Rehema: Leo wameingia wanne mbele ya Richmond. Zeke Uwland na Dylan Patterson wa akademi ya Gold Coast, Daniel Annable wa Brisbane, na Harry Dean aliyekwenda Carlton alikochezea baba yake Peter. Tatu ukiongeza nne, saba.

Babu Athman: Sasa nimefahamu. Kwa hiyo hata zamu ya juu haina uhakika.

Ami Khamis: Barakallah fik Baba. Hilo ndilo jambo Fadhili hataki kulisema. Ile "namba 4" mnayonililia imezaa mchezaji wa nane.

Fadhili: Hapo umenibana, na ni kweli mwaka huu akademi zimekula sana kule juu. Lakini wa nane bado si wa 27 😄

Fadhili: Na kuna wakati ninaoukubali kabisa timu kuuza mapema. Collingwood usiku wa drafti ya 2020 waliwapa GWS raundi yao ya kwanza ya 2021. Walijua 2021 anakuja Nick Daicos, mtoto wa Peter, na dau lake lingekuja mapema sana. Zamu ya juu ungeiona inamezwa na dau. Wakaiuza, wakamlipia Daicos kwa zamu ndogo, dau likaja namba 4 kutoka Gold Coast.

Rehema: Ila Collingwood walimaliza wa 17, zamu waliyoiuza ikawa namba 2, na GWS wakapata Finn Callaghan. Kama hakuna ambaye angemtaja Daicos kabla ya zamu yao, wangetoka na wote wawili.

Fadhili: Kweli. Lakini angalau walikuwa na sababu inayoshikika. North mwaka jana sababu ilikuwa tumaini.

Ami Khamis: Tumaini si dhambi mwanangu. Mimi naishabikia timu hii tangu nimekanyaga nchi hii. Umewahi kukaa uwanjani Julai, mvua ya Melbourne, timu iko nyuma kwa pointi 80, mwanao anakuuliza "baba twende?" Klabu ikisimama ikasema sasa tunataka kushinda, sisi tuko tayari, mimi moyo wangu unafurahi. Siwezi kuitaka timu yangu ijipangie kushindwa ili zamu iwe nzuri.

Khalti Zuhura: Hapo shemeji umesema kweli. Mashabiki nao ni watu.

Babu Athman: Yule kijana wa Kakuma bado anacheza? Yule mrefu mliyenionyesha.

Rehema: Aliir Aliir, Babu. Alizaliwa kambi ya Kakuma, yupo Port Adelaide. Na yeye ni somo zuri hapa. Sydney walimchagua 2013 namba 44. Mwisho wa 2020 Port wakamnunua kwa zamu ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata tu, na 2021 akaingia kikosi bora cha msimu cha ligi nzima.

Babu Athman: Mashallah.

Ami Khamis: Haya Fadhili. Wewe ndiye mkurugenzi wa North, usiku ule, saa inakwenda, Whitlock bado yupo na Richmond wameshika zamu. Ungefanya nini?

Fadhili: Ningewapa raundi ya pili ya 2025 na ya tatu juu yake. Wakikataa, naongeza mchezaji wa akiba. Wakikataa tena, naacha. Aliir alipatikana namba 44, warefu hawaishi kwenye 27.

Ami Khamis: Na Whitlock akichukuliwa na Port, akaungana na pacha wake Jack, waliyemchagua namba 33? Miaka kumi unawatazama wote wawili wakikuruka kichwani?

Fadhili: Aende Ami. Raundi ya kwanza inabaki Arden Street, nyumbani kwa North.