Mjadala: Tukiwafungia vijana mitandao ya kijamii, uonevu utaisha?

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili bila jazba. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, sheria ya Australia inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii ziwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Kampuni itakayopuuza inaweza kutozwa faini hadi dola milioni 49.5 za huko. Tangu hapo kila penye wazazi nasikia: na sisi tufuate, watoto wanaonewa mno mitandaoni. Kwamba wanaonewa ni kweli kabisa, na inaniuma. Ninachopinga ni kwamba kufungia akaunti ndiyo dawa ya uonevu.

Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway, alianza kuuchunguza uonevu wa shuleni tangu miaka ya 1970. Kwake uonevu si ugomvi wa kawaida. Ni kuumizwa kwa makusudi, tena na tena, na mtu anayekuzidi nguvu hadi unashindwa kujitetea. Mwaka 2012 aliandika kwamba uonevu wa mtandaoni unakuzwa kupita kiasi, kwani wengi wanaoupata ni walewale wanaoonewa ana kwa ana. Alipingwa sana. Lakini mwaka 2017 Andrew Przybylski na Lucy Bowes walichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 110,000 wa miaka 15 nchini Uingereza. Karibu 30 katika kila 100 walisema wanaonewa mara kwa mara. Wanaoonewa mtandaoni tu, bila kuguswa kwingine, hawakufika hata mmoja katika 100.

Rudieni kuisoma hiyo ya mwisho. Maana yake, anayemtukana mwenzake usiku kwenye grupu la darasa, mara nyingi ndiye anayekaa nyuma yake asubuhi. Ukifunga akaunti, dawati liko palepale.

Hata hivyo sikubaliani na Olweus kwa yote. Simu imeongeza kitu. Zamani kengele ya kutoka ikilia, mtoto alipata walau usiku mmoja wa kupumua. Sasa maneno yanamfuata hadi kitandani. Na hiyo "tena na tena" imebadilika sura: mmoja akituma picha ya aibu mara moja tu, wengine mia wakaisambaza, mtoto ameonewa mara mia na watu ambao hata hawamjui. Anayedharau hilo hajakaa na mtoto aliyepitia hayo.

Sasa dawa. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake huko Finland walionyesha kuwa uonevu si wa watu wawili. Yupo anayeonea na anayeonewa, lakini wapo pia wasaidizi, wanaochekelea pembeni, wanaojifanya hawaoni, na wachache wanaomtetea mwenzao. Kutokana na mawazo hayo, Chuo Kikuu cha Turku kilibuni mpango wa shule uitwao KiVa, unaowalenga hasa hao watazamaji: mchekaji akinyamaza na mnyamavu akitetea, mbabe anakosa jukwaa. Walipoupima, uonevu ulipungua, na ule wa mtandaoni nao ulipungua. Hakuna aliyefungiwa akaunti. Kwangu hapo ndipo penye uzito wa mjadala huu, na nashangaa wanaotetea marufuku hawapagusi.

Wengine watasema tufanye yote mawili. Ningekubali, kama marufuku isingekuwa na gharama. Watafiti wamekuta mara nyingi kwamba watoto wanaficha yanayowapata mtandaoni kwa kuogopa kunyang'anywa simu. Sheria ya Australia haimwadhibu mtoto wala mzazi, hilo niliseme kwa haki. Lakini mtoto hasomi vifungu vya sheria. Anachojua ni kwamba yuko mahali asiporuhusiwa.

Kwa hiyo swali langu ni kwa mnaounga mkono. Binti wa miaka 14 amedanganya umri, akafungua akaunti kwa siri, na wenzake wa darasani wamemgeuza kichekesho humo. Kabla ya kuomba msaada itabidi kwanza akiri kosa lake. Atamwambia nani, na ninyi mmemwandalia nini ili aseme siku ya kwanza badala ya mwezi wa sita?