Mjadala: Wapasuaji wa Ulaya ya Zama za Kati walikuwa wachinjaji?

Wadau, kila tukigusa historia ya tiba inarudi kauli kwamba wapasuaji wa Ulaya wa karne ya 14 na 15 walikuwa wachinjaji tu, vinyozi wenye wembe. Naipinga. Lawama ninayo juu yao, lakini inahusu pesa, siyo mikono yao.

Julai 1403, katika vita vya Shrewsbury huko Uingereza, mwanamfalme Henry, kijana wa miaka 16, alipigwa mshale usoni, kando ya pua. Uti ulitolewa, chembe (ncha ya chuma ya mshale) kikabaki ndani, kina cha inchi 6, kwenye mfupa wa nyuma ya fuvu. John Bradmore, mpasuaji wa London, hakukimbilia kisu. Alichonga vijiti, akavifunga kitani safi, akavichovya kwenye asali ya waridi, akaingiza kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinene kuliko cha kwanza, hadi tundu likapanuka mpaka mwisho. Kisha akabuni koleo jembamba lenye parafujo katikati. Likaingia, likakishika chembe kwa ndani, naye akakitikisa taratibu hadi kikatoka. Akaosha kwa divai nyeupe, akaweka tambi za kitani zenye asali, akizifupisha kila baada ya siku mbili ili nyama ijae kuanzia ndani. Kufikia siku ya 20 jeraha lilikuwa safi. Kijana huyo ndiye Henry V wa baadaye. Mchinjaji gani ana subira hiyo?

Na tabia je? Tauni ilipoingia Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo alikokaa Papa wakati huo, mwaka 1348, Guy de Chauliac, mpasuaji na tabibu wa Papa, alibaki. Aliandika mwenyewe kwamba aliogopa, ila aliogopa zaidi aibu ya kukimbia. Akaambukizwa, akaugua wiki 6, akapona. Mtu anayekiri woga wake hivyo namwamini.

Sasa pesa, na hapa siwatetei. John Arderne, Mwingereza aliyesifika kwa kutibu fistula ya njia ya haja kubwa (tundu la usaha linalotokea kando ya njia hiyo), aliwafundisha wenzake kuwa na mikono safi, kutunza siri za mgonjwa na kutokaza macho kwa wanawake wa nyumba. Mafundisho mazuri kabisa. Lakini alimtoza tajiri pauni 40, na kwa ugonjwa huo alijisifu hajawahi kupokea chini ya shilingi 100, yaani pauni 5. Sheria ya ujira ya Uingereza ya 1351 ilimwekea mwashi stadi peni 4 kwa siku. Piga hesabu: shilingi moja ilikuwa peni 12, hivyo shilingi 100 ni peni 1,200, yaani siku 300 za kazi.

Wanaomtetea husema aliwahimiza wapasuaji wawasaidie maskini kutokana na mapato yao. Sawa, lakini hiyo ni sadaka, na mwashi hakuwa ombaomba. Anayemtetea Arderne anijibu: mwashi mwenye fistula, asiye tajiri wala fukara, alikuwa aende kwa nani?