Nyanya zinapukutisha maua katikati ya kiangazi, ning'oe au nivumilie?

Mkulima_wa_Uani
Wakuu, habari zenu. Nina kibustani nyuma ya nyumba, matuta machache tu. Sasa tupo katikati ya kiangazi, joto limekolea kwelikweli, na bustani iliyoanza kwa kasi naona imegoma.

Nyanya zimerefuka mpaka zimepita nguzo, majani ni kijani cha kukolea, lakini maua yanapukutika bila kufunga tunda. Chache zilizowahi kufunga zina doa jeusi kitakoni, limedidimia na kukauka. Maboga yana maua tele, ila kitunda kikifika ukubwa wa kidole kinageuka manjano na kuoza ncha. Matango yapo, ila machungu. Saladi nayo imepandisha bua refu la maua, majani hayaliki.

Namwagilia kila jioni bila kukosa. Wakati wa kupanda niliweka samadi ya kuku, na baadaye nikaongeza mbolea ya kukuzia. Swali: ning'oe nipande upya, au hapa bado kuna mavuno? Na kama kuna dawa ya hilo doa, nitajieni.

JembeHalilali
Using'oe mkuu! Mche wenye majani ya namna hiyo hauumwi, unasubiri. Joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi, na usiku lisiposhuka chini ya nyuzi 21, chavua ya nyanya hudhoofika, ua linakosa kuchavushwa na linadondoka. Hakuna dawa ya hilo. Tandika neti ya kivuli mchana wakati jua ni kali, ukikosa hata shuka kuukuu linatosha, halafu ngoja. Joto likishuka kidogo maua mapya yatashika.

Ila piga hesabu. Kuanzia ua kushika hadi nyanya kuiva ni kama wiki 6 hadi 8. Kama kwenu baridi kali inaingia kabla ya hapo, hayo maua ya mwishoni hayatakufaa kitu.

Mboji_Mwitu
Hilo doa ni upungufu wa kalisiamu. Saga maganda ya mayai, mwaga kwenye shina, na upulizie kalisiamu kwenye majani. Kazi imeisha.

Bibi_wa_Matuta
Mboji_Mwitu, mwanangu, hapo umepatia nusu. Ni kweli tunda limekosa kalisiamu, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Inayokosekana ni njia ya kulifikia tunda, maana kalisiamu husafiri na maji. Udongo ukikauka leo, ukalowa kesho, ukakauka tena, kitako cha tunda ndicho kinachokosa kwanza, na huko ndiko kuoza kitako. Si ugonjwa wa kuambukiza. Maganda ya mayai huchukua muda mrefu mno kuoza, hayatakuokoa msimu huu. Kupulizia majani nako hakusaidii sana, kwa sababu kalisiamu ikishaingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda.

Mkulima, kabla hujanunua chochote fanya hivi: mara baada ya kumwagilia, fukua udongo kina cha kiganja uone umelowa mpaka wapi. Na hiyo mbolea ya kukuzia iache kabisa kwa sasa. Naitrojeni ikizidi unavuna majani, na hata huko kuoza kitako huongezeka.

Mkulima_wa_Uani
Shikamoo bibi. Nimefukua. Juu kumelowa, chini vumbi tupu! Mizizi yote imejazana hapo juu.

Bibi_wa_Matuta
Marahaba. Basi jibu umelishika mwenyewe mkononi. Acha kunyunyiza kidogo kidogo kila siku. Mwagilia mara 2 au 3 kwa wiki, lakini taratibu na kwa wingi mpaka maji yashuke chini. Kipimo cha kuanzia ni lita 25 kwa wiki kwa kila mita 1 ya mraba. Kwenye joto kali au udongo wa kichanga ongeza. Ila usibadilishe ghafla, maana mizizi bado iko juu. Ongeza kina huku ukipunguza siku. Kisha weka matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Mimi matandazo nayaweka mbele ya mbolea zote kwa msimu wa joto, na sijali nani atabisha.

Nyanya zenye doa zichume, mmea usipoteze nguvu. Ukikata sehemu mbovu, nzima iliyobaki inaliwa.

Nyuki_Mfanyakazi
Nije kwenye maboga, maana wote mmeyaruka. Hapo ni suala la uchavushaji. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake, ua dume lina kikonyo kitupu. Jike hufunguka asubuhi moja tu, nyuki wasipofika kiboga kinaoza hivyo hivyo ulivyoeleza. Amka mapema, chuma ua dume lililofunguka, bandua petali, paka ile chavua katikati ya ua jike. Jirani atakuuliza unafanya nini, mwambie unafungisha ndoa.

Na kama unapulizia dawa ya wadudu, usiguse maua yakiwa wazi.

JembeHalilali
Hahaha! Matango: uchungu huo hutokana na mmea kuteseka kwa kiu na joto. Umekaa zaidi kwenye maganda na upande wa kikonyo, kwa hiyo kata ncha hiyo na umenye. Likiwa chungu kupindukia tupa, usilazimishe tumbo. Na chuma mapema! Tango likiachwa likomae mpaka njano, mmea unapunguza kuzaa.

Saladi ng'oa leo. Usirudishie saladi sasa hivi, mbegu zake nyingi hugoma kuota udongo ukiwa na joto kali. Sia karoti hapo, funika mstari kwa gunia bichi hadi ziote, kisha litoe siku hiyo hiyo.

Mboji_Mwitu
Sawa bibi, nimekubali yaishe kuhusu mayai 😅 Lakini hizo nyanya si apunguze majani, jua lifike kwenye matunda?

Bibi_wa_Matuta
Katika joto hili? Ataziunguza. Nyanya haihitaji jua la moja kwa moja ili iive, na tunda lililovuliwa kivuli ghafla linapata baka jeupe la kuungua. Zikianza kubadilika rangi mtini azichume aziivishie ndani, kwenye joto la wastani. Joto likiwa juu sana rangi nyekundu haitengenezeki vizuri, zinabaki za machungwa.

Kupunguza vichipukizi vya kwapani ni kwa zile zinazoendelea kurefuka tu. Za kichaka ukizikata umekata mavuno.

Mkulima_wa_Uani
Asanteni sana wakuu. La mwisho: majani ya chini kabisa yana mabaka ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Nayo ni joto?

JembeHalilali
Hapana, hilo linafanana na bakajani tangulia, ukungu huo. Kata majani hayo pamoja na yote yanayogusa udongo, yatoe nje ya bustani. Kuanzia sasa mwagilia asubuhi badala ya jioni, tena kwenye shina, majani yasilale na unyevu. Matandazo ya bibi nayo yatazuia udongo kurukia majani. Msimu ujao tuta hilo usilipande nyanya, bilinganya wala viazi mviringo.

Tupia picha ya upande wa chini wa majani pia. Joto kavu namna hii utitiri hauchelewi kuingia.