Homa ya mtoto imeshuka kwa nyuzi hasi 16.8? Nisaidieni hesabu

MamaWawili

Wakuu, mtoto hajambo, kwa hiyo mkitaka kunicheka nichekeni tu.

Juzi saa nane usiku namgusa wangu wa pili, ana miaka minne, mwili wa moto. Nikachukua kipimajoto, hiki cha kidijitali, nikamweka kwapani. Kinalia, natazama: 101.3. Miguu iliisha nguvu. Maji yanachemka kwa 100, huyu ameshapita! Nikasema kimeharibika, nikajipima mwenyewe: 97.7. Ndipo nikaona kaherufi F kadogo pembeni, yaani Farenhaiti. Namshuku kaka yake, maana kila chenye kitufe lazima akibonyeze.

Nikatafuta kanuni ya kuigeuza kuwa Selsiasi: toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Nikapata 38.5. Hapo roho ikatulia, homa ya 38.5 naijua. Nikampa dawa, asubuhi kikasoma 99.5.

Sasa baba yao yuko safarini, akapiga simu: "Imeshuka kwa kiasi gani?" Nikatoa 99.5 kwenye 101.3, ikabaki 1.8. Nikaipitisha hiyo 1.8 kwenye kanuni ileile, nikapata hasi 16.8. Nimerudia mara tatu, jibu halibadiliki. Kibovu ni kikokotoo, kanuni, au mimi?

FundiVipimo

Pole sana, mama. Kikokotoo kizima, kanuni nzima, na wewe mzima. Ni kwamba umeipa kanuni kazi isiyo yake.

Ile 32 ipo kwa sababu skeli hizi mbili hazianzi kuhesabu mahali pamoja. Barafu inapoyeyuka, Selsiasi inasema 0 na Farenhaiti inasema 32. Kwa hiyo ukitaka kujua joto lenyewe ni ngapi, lazima uiondoe kwanza. Lakini wewe ulikuwa na tofauti, si joto. Ndani ya 101.3 kuna ile 32, ndani ya 99.5 nayo imo. Ulipotoa moja kwenye nyingine, zikafutana zenyewe. Wewe ukaitoa tena mara ya pili, ndiyo maana mtoto akageuka barafu.

Tofauti unagawanya kwa 1.8 basi. 1.8 kwa 1.8 ni 1. Homa imeshuka nyuzi 1 kamili ya Selsiasi: kutoka 38.5 hadi 37.5.

Na hiyo 1.8 haikuokotwa. Kutoka barafu kuyeyuka hadi maji kuchemka, Selsiasi ina nyuzi 100, Farenhaiti ina 180 (32 mpaka 212).

Kosa lako wanalo wengi. Mtu anasoma kwamba joto la dunia limepanda nyuzi 1.5 za Selsiasi, anaiweka kwenye simu, simu inamjibu 34.7. Jibu sahihi ni 2.7.

BabuHesabu

Fundi kamaliza. Mimi naongeza ya kichwani, maana saa nane usiku nani anagawanya kwa 1.8?

Ukitoka Selsiasi: zidisha kwa mbili, punguza sehemu ya kumi, ongeza 32. Mfano 25: inakuwa 50, toa 5 inabaki 45, ongeza 32 unapata 77. Hiyo ni kamili, si makadirio. Zipo pia mbili za kugeuza tarakimu, hukosea kidogo sana: 16 ni kama 61, 28 ni kama 82.

Na usijilaumu, binti yangu. Anders Celsius mwenyewe, mwaka 1742, aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 yanapoganda! Ilikuja kugeuzwa baadaye. Kwa skeli yake ile, homa ikishuka namba ingepanda. Hebu fikiria ungempigia nani simu.

Mkaririji

Hesabu zote za nini? Kwa homa kariri nne: 37 ni 98.6, 38 ni 100.4, 39 ni 102.2, 40 ni 104. Umemaliza. Kumbuka kwapani husoma chini kidogo kuliko joto halisi la ndani, na mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika 38 usikae kupiga hesabu, nenda hospitali.

Kwenye oveni gawa kwa mbili: 350 ya Farenhaiti unakadiria 175, yenyewe ni 177. Lakini usijaribu ujanja huo kwa mtu. Nusu ya 101 ni 50 na kitu, utalia bure.

MamaWawili

Ahsanteni jamani. Babu umenichekesha mpaka mtoto kaamka. Mtuhumiwa amekiri: alikishikilia kitufe muda mrefu "kuona kitafanya nini". Nimefanya hivyohivyo, C imerudi. Leo 36.8.

Nimempigia baba yao kumwambia ilishuka nyuzi 1. Akauliza: "Selsiasi au Farenhaiti?"