Tupeane uzoefu: macho au masikio, kipi hukurudisha nyumbani?

Wakuu, habari za jioni. Nilihamia Unguja mwaka jana, kazi yangu iko Mji Mkongwe. Wiki za mwanzo nilitembea simu mkononi, hedifoni masikioni, na kila nilikokwenda nilifika. Siku simu ilipozima chaji maeneo ya Hurumzi, sikujua hata bahari iko upande gani. Kuta za vichochoro vile ni ndefu, mnara huuoni mpaka uwe chini yake. Nikasimama. Baadaye nikasikia honi kwa mbali, nikazifuata, nikatokea Darajani. Tangu hapo natembea masikio wazi, na njia imeanza kukaa kichwani: mlango wenye njumu za shaba, kisha randa ya seremala, kisha kulia. Nyie mnakumbukaje njia? Na je, alama yako imewahi kukusaliti?

Dereva Mstaafu
Njia niliyopita nikiwa abiria siikumbuki. Niliyoendesha mwenyewe naikumbuka mpaka mashimo yake. Madereva wa teksi London hukariri mitaa kama 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wao, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu ya mahali, ni kubwa kuliko ya watu wasio madereva wa teksi. Kwa hiyo mkuu, hiyo simu iweke mfukoni.

Mjukuu wa Jambiani
Mchana babu aliingia mlango wa mwamba, ile nafasi ya kupitisha chombo, kwa kulinganisha minazi miwili ya ufukweni: ikisimama mmoja nyuma ya mwingine, uko sawa. Usiku wa giza minazi haipo. Alishusha tanga, akatunyamazisha wote, akageuza kichwa taratibu. Kushoto mawimbi yanapasuka, kulia yanapasuka, katikati pametulia. Pale palipotulia ndipo mlango, kina kipo. Mimi nilisikia ngurumo moja tu pande zote. Ilinichukua misimu miwili kulisikia lile pengo.

Mama Wawili
Alama yangu ya kukata kushoto ilikuwa mashine ya kusaga. Umeme ukakatika, mashine kimya, nikapitiliza hadi mtoni na mtoto mgongoni.

Fimbo Nyeupe
Mimi sioni tangu nina miaka sita. Nikigonga fimbo kandokando ya ukuta, mlio unarudi upesi. Ukuta ukiisha, mlio unapotea na upepo unanigusa shavu. Hapo nakata kona. Mmarekani Daniel Kish, naye haoni tangu utotoni, hutoa mlio mkali kwa ulimi na kusikiliza mwangwi, na amewafundisha wengi. Nimejaribu, natambua gari lililoegeshwa, mti mwembamba bado. Adui yangu ni mvua juu ya mabati: inafunika kila kitu, nasubiri barazani kwa mtu mpaka ipungue.

Mwanzisha mada
Shukrani sana. Fimbo Nyeupe, na sauti unayoitegemea ikihama?

Fimbo Nyeupe
Ilishatokea. Kijiwe cha boda kilihama bila mtu kuniambia, nikaingia mtaroni, goti likachanika. Vijana wa kijiwe waliumia moyoni kuliko mimi. Sasa wakisikia fimbo wananiita jina, na wakitaka kuhama mmoja wao hunipigia simu usiku uleule.