Usaha kwenye tezi ya pituitari, mochwari wanauonaje?

kijana_mbagala: Wakuu shemeji kaumwa kichwa wiki tatu, macho hayaoni pembeni, maji anamaliza jagi zima, sisi tunasema malaria tu. Kafariki, wamempasua wanasema usaha kwenye pituitari. Waliuonaje?

dokta_mstaafu: Pole sana mkuu. Katezi kenyewe kama njegere, kamejificha kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, ukitoa ubongo kenyewe kanabaki palepale, mpaka ubomoe kiukuta cha nyuma kwa patasi, na wengi hatua hiyo wanairuka. Usaha unachukuliwa ukaoteshwe bakteria kabla ya kuwekwa fomalini (dawa ya kuhifadhi, inaua bakteria), maana kwa macho unaweza kudhani ni uvimbe tu uliooza.

mama_tandika: Poleni. Unatokea wapi sasa?

dokta_mstaafu: Sainasi ya hapo chini (uwazi wa hewa ndani ya mfupa, nyuma ya pua), au kupitia damu, mara nyingi chanzo hakipatikani kabisa. Katezi hako ndiko kanaamuru mwili utengeneze kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha; ikikata presha inaanguka, mtu anaondoka ghafla.